Jumapili ya Kubandua Lipu

Kazi niliyopewa Jumapili ile ilikuwa kuwaomba waumini ruhusa ya kutumia fedha zao kubomoa kitu ambacho wao wenyewe, au wazazi wao, walikwisha kukilipia. Nilikuwa katibu wa kamati ya ukarabati. Paroko alinipa nafasi baada ya sala ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho, kipindi ambacho mtu hawezi kutoka bila kuonekana. Nadhani alijua anachokifanya.

Kanisa letu ni la mawe, na lina umri mkubwa kuliko yeyote anayesali ndani yake. Mchango ulianza kwa sababu ya ndoo. Paa lilikuwa linavuja upande wa kushoto wa altare, ndoo zikapangwa, na hakuna tangazo linaloweza kushinda sauti ya tone la maji katikati ya mahubiri. Bahasha zikagawiwa, kila jumuiya ikachukua kadi yake, kwaya ikauza tiketi za tamasha. Fedha zikaja haraka kuliko tulivyotarajia, na juu ya bahasha nyingi watu walikuwa wameandika kwa mkono: "Paa."

Ndipo akaja mtaalamu wa majengo ya kale, mama mmoja asiye na maneno mengi. Tulimwonyesha ndoo. Akazitazama, akapanda juu, akashuka, kisha muda wote uliobaki akautumia kwenye kuta. Alikuwa akigongagonga lipu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ripoti yake ilitushtua: mbao za kenchi zilikuwa nzima, isipokuwa ncha zake, pale zinapoingia ukutani. Ncha zilikuwa zimeoza kwa unyevu, na unyevu ule haukutoka juu peke yake. Mifereji ya paa ilikuwa imeziba miaka mingi, maji yakawa yanatelemka ukutani, na yakishaingia hayatoki, kwa kuwa kizazi kilichotutangulia kilipiga ukuta mzima lipu ya simenti, nje na ndani.

Alitueleza taratibu. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hunywa maji wakati wa mvua na kuyaachia kupitia chokaa ileile jua linapotoka. Ukiufunika kwa simenti ni kama kumvika mtu koti la plastiki na kumwambia afanye kazi juani. Maji yanatafuta njia kwenye jiwe lenyewe, yanabeba chumvi, chumvi inaganda kuwa fuwele nyuma ya lipu, na fuwele zinalisukuma jiwe mpaka linageuka ungaunga. "Mkibadilisha paa na kuacha lipu," alisema, "mbao mpya nazo zitaoza."

Kamati nzima ikataka kuhamia kwenye kuta siku ileile. Aliyetuzuia ni paroko, na hakutuzuia kwa sababu za ujenzi. Alifungua Sheria za Kanisa, kanuni ya 1267, akatusomea kifungu chake cha tatu: sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo fulani haiwezi kutumika ila kwa lengo hilo. Bahasha zilisema paa. Mjumbe mmoja akajaribu kusema kwamba ukuta ndio unaobeba paa, kwa hiyo ni kitu kimoja. Padre akacheka, akasema hoja hiyo akamwambie aliyeandika bahasha. Na kweli, mimi nimeona michango mingi ikifa hivyo: si kwa wizi, bali kwa watu wenye nia njema waliohamisha fedha kimyakimya wakidhani wenyewe hawatajali.

Basi nikasimama mbele. Nilianza na wazee, kwa sababu sikutaka waonekane wajinga. Niliwaambia kwamba hata wataalamu wa dunia waliokutana Athens mwaka 1931 kujadili uhifadhi wa majengo ya kale waliikubali zege katika kazi hiyo. Waliopiga simenti kanisani mwetu walifanya kile ambacho wakati wao kilihesabiwa kuwa bora, na walitoa kwa moyo. Kisha nikasema neno "kubandua": simenti itoke, chokaa irudi. Mnong'ono ulioinuka kanisani siwezi kuusahau.

Bibi mmoja wa safu za mbele alisimama bila kuombwa. Alikuwa miongoni mwa waliochanga ile lipu.

"Mwanangu, nyie vijana mna maneno. Tulibeba mchanga kwa vichwa vyetu. Leo mnatuambia tulikuwa tunaliua kanisa?"

"Hapana, bibi..."

"Ngoja nimalize. Na hiyo chokaa yenu, nani ajuaye? Miaka thelathini ijayo si watakuja wengine hapa kuwaambia wajukuu zangu kwamba nayo ilikuwa makosa?"

Sikuwa na jibu lililostahili swali hilo. Aliyekuwa nalo ni yule mtaalamu, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na kisima cha ubatizo. Alikuja mbele, akamsalimu bibi kwa heshima, akasema inawezekana kabisa. Ndiyo maana, alisema, katika kazi yao kanuni ya kwanza ni kutofanya jambo ambalo anayekufuata hawezi kulitengua. Akatoa mfano wa Parthenon, hekalu la kale kule Ugiriki, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos aliunganisha mawe kwa vyuma. Vyuma vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru iliyokuwa imesimama zaidi ya miaka elfu mbili, na waliokuja baadaye ikawabidi kuvitoa kimoja kimoja na kuweka vya titani, metali isiyoshika kutu. "Chokaa ikiwa makosa, bibi, wajukuu wako wataikwangua na jiwe litabaki jiwe. Simenti ikitoka, huondoka na uso wa jiwe."

Bibi akasema, "Nionyeshe."

Hilo halikuwa kwenye ratiba. Paroko akatoa baraka, watu wakaruhusiwa kwenda, na hakuna aliyekwenda. Fundi mwashi akaleta tindo na nyundo, akachagua sehemu chini ya dirisha ambako rangi ilikuwa imevimba, akagonga. Kipande kikubwa kikaanguka kizima, kikiwa na ngozi ya jiwe imeng'ang'ania mgongoni. Nyuma yake kulikuwa na giza la unyevu na utando mweupe wa chumvi. Hakukuwa na mvua wiki hiyo. Watu wakapanga foleni kuweka kiganja pale. Ripoti yetu ya kurasa nyingi, iliyobandikwa mlangoni tangu mwezi uliotangulia, sidhani kama ilisomwa na watu kumi. Ukuta ule uliguswa na parokia nzima, watoto wakaurudia.

Ruhusa tuliipata, lakini kwa maandishi, jumuiya kwa jumuiya, na waliokataa tulizitenga fedha zao kwa ajili ya paa kama walivyoandika. Hawakuwa wengi. Mweka hazina alilalamika sana kuhusu vitabu viwili vya hesabu. Mimi naamini vitabu hivyo viwili ndivyo vilivyoleta fedha za awamu ya pili, maana kila aliyetaka kujua bahasha yake ilikwenda wapi alionyeshwa.

Mgogoro mwingine ulikuja wiki iliyofuata. Muumini mmoja mwenye uwezo alijitolea kuweka sakafu yote ya marumaru, na bamba lenye jina la familia yake mlangoni. Kiasi alichotaja kilizidi mchango wetu wote. Tatizo ni kwamba sakafu isiyopitisha unyevu huusukuma unyevu wa ardhini uelekee pembeni, yaani kwenye kuta zilezile. Tulimwomba atoe kwa ajili ya mifereji na chokaa. Akauliza bamba la mifereji litawekwa wapi. Kusema kweli swali lilikuwa la haki; mtu hatoi mali yake ili isionekane. Mjumbe mmoja akakumbusha Notre-Dame, kanisa kuu la Paris: moto wa tarehe 15 Aprili 2019 haukuwa umepoa vizuri na matajiri walishaahidi mamilioni ya yuro kwa mamia. Ndiyo, nikamjibu, lakini ile iliungua mbele ya kamera. La kwetu linaoza polepole, na hakuna kamera inayokuja kutazama mfereji ulioziba. Kura ikapigwa, sakafu ikakataliwa. Tajiri yule hakufurahi na hakutoa.

Pengo alilotuachia tulilijaza kwa njia ambayo sikuiamini mwanzoni. Mtaalamu alikuwa amegawa gharama kwa mita ya mraba ya ukuta: kubandua, kuosha chumvi, kujaza viungo, kupiga chokaa tabaka kwa tabaka. Tukachora ukuta kwenye karatasi, tukaugawa vipande, na kila familia au kundi likachukua kipande chake na kukilipa kidogo kidogo, bila jina kuandikwa popote isipokuwa daftarini. Ahadi kubwa za siku ya tamasha zililipwa nusu. Vipande hivi vililipwa karibu vyote, na waliochelewa walikuja wenyewe kujieleza. Watoto wa katekisimu walichukua kipande kimoja nyuma ya sakristia.

Bibi alichukua kipande kilicho juu ya kiti chake, akasema ni kwa ajili ya kukikagua. Chokaa haikauki kama simenti. Inakomaa kwa kuvuta hewa ukaa kutoka hewani, na wakati huo inabidi kufunikwa kwa magunia na kuloweshwa, la sivyo inapasuka. Alilishika somo hilo siku ya kwanza. Kila asubuhi baada ya misa alikuwa akipitisha kiganja kwenye magunia, si ya kipande chake tu, na likiwa kavu alimwita fundi kwa sauti ambayo paroko aliisikia sakristia.

Fundi akanijia akilalamika kwamba ana wasimamizi wawili, na mmoja wao hata halipwi.

"Yupi amekukuta na kosa?" nikamuuliza.

Akakuna kichwa. Kisha akaniambia niandike hati ya magunia mengine, maana bibi anasema yaliyopo hayatoshi upande wa jua.