Moto unapinda kona

Kaka yangu Idi ameniudhi na kinyongo hakijanitoka. Mahari ya Zuhura imepokelewa, alhamdulillahi, na bosi wetu amehamishiwa Dodoma, lakini leo hayo yatapita hivyohivyo.

Jumamosi tulikuwa mezani kujaribu sura ya nne ya kitabu changu cha mchezo, ule wa kuigiza wahusika wa hadithi na kurusha dadu kuamua yanayowapata. Ni ile sura ya kuvuka bahari. Zamu ilikuwa ya Nassoro, mwanawe Idi. Akasoma kwa sauti: "Anayevuka mkondo usiku, bahari humchukulia kitu." Akainua kichwa. "Shangazi, kitu gani? Kitabu hakijasema." Kabla sijajibu, baba yake akaniwahi: "Na hakitasema. Hicho siyo kitabu cha kanuni, ni utenzi." Wote wakacheka, dadu zikaendelea kurushwa, mimi nikaenda kuangalia chai ambayo wala haikuwa imechemka.

Tangu hapo maneno yale yananifuata kwenye daladala, yananifuata kazini katikati ya prufu za hisabati. Na hakitasema. Kinachoniuma ni lile "na" la mwanzo, kama vile amenizoea, kama vile nimeandika ili nimfiche mtoto wake jambo. Angeniacha nijibu! Nassoro aliniuliza mimi.

Najua Idi anachotaka. Anataka kanuni isomeke kama stakabadhi. Na ana haki, maana ugomvi ukizuka mezani saa tano usiku, hakuna anayeokolewa na sentensi tamu. Vile vijitabu vitatu vya kwanza vya mchezo wa aina hiyohiyo, Dungeons & Dragons, vya Gary Gygax na Dave Arneson, vilivyotoka 1974, vilikuwa vigumu kiasi kwamba wengi walijifunza mchezo kwa kukaa na mtu anayeujua tayari. Sitaki kitabu changu kimhitaji mwenyeji wa kukifafanua. Lakini angalia pia toleo la 2008 la mchezo huohuo. Uwezo wa mhusika umepangwa ndani ya visanduku: juu mstari mmoja wa italiki unaochora picha, chini yake hesabu. Ni safi, unapata unachotafuta mara moja. Nimecheza na watu waliorusha dadu jioni nzima bila kuusoma mstari wa juu hata mara moja, na siwalaumu, kwa sababu hakuna kilichoharibika walipouruka. Hapo ndipo ninapogombana na Idi moyoni: picha ukiitenga na kanuni, umeshamwambia msomaji kwamba picha si lazima.

Halafu juzi usiku, niko kitandani, nikaanza kucheka peke yangu. Utenzi! Ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani nane, vina vya mitatu ya kwanza vilingane, na cha mwisho kishikwe hichohicho kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mia tano. Bibi alikuwa anahesabu mizani kwa vidole, ukizidisha moja anakusimamisha na unaanza upya. Kuna maandishi gani yaliyobanwa na kanuni kuliko hayo? Na bado watu hulia wakiyasikia. Kaka yangu amenisifu na hajui.

Nikaamka nikawasha taa, nikafungua mpira wa moto, uchawi mmoja wa mchezo ule wa Gygax na Arneson, katika toleo la 2014. Unanyoosha kidole, mwali unaruka, unachanua kwa ngurumo. Kisha hesabu: futi 20 kila upande kutoka katikati, dadu nane za pande sita ndizo kipimo cha maumivu, aliyewahi kukwepa anaumia nusu. Na baada ya hapo sentensi fupi kuliko zote: moto unapinda kona. Basi. Haina namba hata moja, na ni kanuni kamili, maana aliyejibanza nyuma ya ukuta hajapona. Wakati huohuo unauona ule moto ukimtafuta. Toleo la 2024 limeiondoa, hesabu imebaki. Mimi ningeondoa chochote kingine.

Kufika alfajiri sentensi yangu ilikuwa hivi: "Anayevuka mkondo usiku huchagua kitu kimoja alichobeba, hukitaja kwa sauti mbele ya wenzake, kisha hukifuta kwenye karatasi yake. Hakirudi." Nimeisoma na kuisoma. Idi ana cha kuhesabu, na yule anayefuta kwa raba jambia la marehemu baba yake, kwenye karatasi iliyoandikwa mali za mhusika wake, hahitaji italiki ya kumwambia ahuzunike.

Nikamtumia Nassoro kabla hajaenda shule. Akajibu: "Na kama sina kitu?" Nimefurahi mpaka nimemwonyesha dada wa mapokezi, ambaye hajui dadu wala mkondo. Nadhani asiye na kitu atatoa jina lake, na mpaka kuche hakuna mezani anayeruhusiwa kumwita kwalo. Jumamosi tutajaribu.

Ila Mama jana kanipigia, katikati ya habari za Zuhura akasema dawa za presha anameza siku mguu ukivimba tu, kwa sababu siku nyingine anajisikia mzima. Sijui ni tangu lini. Chupa niliyompelekea mwezi uliopita ilipaswa kuwa imekwisha, na anasema bado imejaa.