Siku yangu katika ghala la spea zisizo na jina

Saa 12:30 asubuhi nafungua ghala. Ni Oktoba, Indianapolis bado giza. Mlangoni kuna makreti manne aliyoyaleta jana jioni mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Hayana lebo hata moja. Marehemu alijua kila kipande kwa kichwa, akaondoka na ujuzi wake. Kazi yangu ni hiyo: kutambua spea za yale magari ya nguvu ya Kimarekani, tangu Pontiac ilipotoa GTO mwaka 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nayasogeza makreti karibu na sinki la kuoshea, lakini itabidi yangoje.

Saa 1:00 jamaa anashusha injini ya V8 ya Chevrolet kutoka kwenye pikapu. Silinda hedi hazipo, pistoni zinaonekana. Anasema imetoka kwenye Chevrolet Camaro ya 1969, toleo la nguvu la Z/28, lile la injini ya inchi za ujazo 302, na bei anayotaka ni ya Z/28. Ananionyesha maandishi yaliyogongwa mbele, upande wa abiria: V0217DZ. V ni kiwanda cha Flint, 0217 ni tarehe 17 Februari injini ilipofungwa, na DZ ndiyo hiyo 302. Imekaa vizuri mno.

Nazunguka nyuma na brashi ya waya. Huko kuna namba iliyotoka na kalibu, imevimba juu ya chuma chenyewe, na kuichezea ni kazi ngumu kuliko kugonga herufi mpya. Nasoma 3970010, bloku iliyotumika miaka mingi na ambayo mara nyingi ilikuwa ya inchi 350. Pembeni kuna D 22 9. Kwa Chevrolet herufi ni mwezi, A ikiwa Januari, hivyo D ni Aprili. Kisha tarehe 22, na mwaka unaoishia na 9. Yaani injini ilifungwa Februari, chuma chake kikamiminwa Aprili. Na 9 hiyo huenda ikawa ya 1979, si ya 1969.

Nazungusha krenki na kupima: pistoni inashuka milimita 88 na kidogo. Ya 302 hushuka 76 tu. Uso uliogongwa namba nao umepigwa msasa, ile mistari myembamba ya mashine ya kiwandani imefutika. Namweleza polepole. Anakasirika, halafu ananyamaza, kwa sababu naye aliuziwa hivyo hivyo na alilipa pesa nyingi. Namwonea huruma kwelikweli. Aliyegonga zile herufi alijua anachofanya.

Saa 4:00 naanza makreti. Kabureta mbili, vifuniko vya injini, fimbo za gia, boliti kilo kadhaa. Naosha tu na kupanga.

Saa 6:00 mchana nakula huku nikipiga simu Tanga, ambako ni saa 1:00 usiku.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Leo umeshika nini?”

Namsimulia habari za ile injini. Gereji yake ndiyo iliyonifunza: alikuwa ananifumba macho kwa kitambaa, ananipa kipande mkononi, niseme ni cha Land Rover au cha Peugeot 504. Anasisitiza nisiweke jina juu ya kitu ambacho sijakipima.

Saa 7:30 natoa gia boksi chini kabisa ya kreti la tatu. Kifuniko cha ubavuni kina boliti saba, na mkono wa rivasi uko kwenye mkia badala ya kifuniko. Basi ni Muncie, jina la mji ulio mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, ambako yalitengenezwa. Ingekuwa Saginaw, boliti zingekuwa saba pia, ila mikono yote mitatu ingekaa kwenye kifuniko. Muncie zilikuwa za aina tatu: M20, M21 na M22. Shafti ya kuingilia ina mifuo miwili, dalili ya M20. M21 huwa na mmoja, M22 haina. Lakini shafti hubadilishwa, kwa hiyo nafungua kifuniko na kuhesabu meno ya gia iliyo kwenye shafti hiyo. Ni 21. M21 ingekuwa na 26. Ni M20.

Halafu nikaona kitu kilichonifanya nivute kiti. Chini ya grisi, ubavuni mwa sanduku, kumegongwa 28P na tarakimu sita. 2 ni Pontiac, 8 ni mwaka wa modeli 1968, P ni kiwanda cha mji wa Pontiac, Michigan. Tempest na LeMans, modeli nyingine za Pontiac, nazo zilitoka hapo, kwa hiyo GTO siandiki.

Saa 9:00 nashika braketi ndogo ya bati nene, haina namba yoyote. Upande uliokuwa umeegemea injini umebaki na rangi ya samawati hafifu yenye kung'aa; samawati ya Ford ni nzito zaidi. Nailinganisha na injini ya Pontiac ya 1970 iliyo rafuni: tundu la tatu linapishana kabisa. Mwaka 1969 Pontiac ilibadilisha kifuniko cha mbele cha injini kutoka boliti 8 hadi 11. Nachukua kifuniko cha zamani. Matundu yote matatu yanakaa. Basi ni ya kabla ya 1969.

Saa 10:30 jioni mama anarudi kuuliza bei. Namwonyesha zile herufi kwa tochi na kumwambia mwaka na mji. Anafungua mkoba, anatoa picha: kijana mwembamba ameegemea Pontiac, mkono juu ya boneti. Anaomba gia boksi na braketi tusiviuze. Naviandikia kadi ya njano yenye namba yote, navifunga kwa waya, navipakia kwenye gari lake.