Nilifuta faili za muda, diski ikabaki imejaa

Programu yangu ya Python ilikuwa na kazi nyepesi: kupokea picha, kuzipunguza ukubwa, kuzipanga ndani ya PDF moja na kumrudishia aliyezituma. Katikati ya shughuli hiyo kila picha ilikaa kwa muda kwenye faili ndani ya /tmp, folda ya faili za muda. Siku za mwanzo hakukuwa na shida. Kisha asubuhi moja seva ikaanza kutema kosa namba 28: diski haina nafasi.

Nikaingia /tmp, nikakuta mamia ya faili zenye majina yanayoanza na tmp. Nikapiga rm, amri ya kufuta, zikaondoka zote. Nikaendesha df -h, inayoonyesha diski imejaa kiasi gani: asilimia 100, vilevile. Nikarudia nikidhani macho yananidanganya. Folda tupu, diski imejaa.

Aliyeniokoa ni lsof +L1, amri inayoonyesha faili zilizokwisha kufutwa majina huku kuna programu bado imezifungua. Orodha ikamwagika, na karibu kila mstari ulitaja programu yangu. Kwenye Linux, rm hufuta jina tu. Nafasi hairudi mpaka anayeishikilia faili aiachie. Nikaizima programu, na diski ikapumua papo hapo.

Mkosaji alikuwa mstari huu:

jina = tempfile.mkstemp()[1]

mkstemp huunda faili ya muda na kurudisha vitu viwili: namba ya faili iliyofunguliwa tayari, na njia ya kuifikia. Mimi nilitaka njia tu, ile namba nikaitupa. Laiti ingekuwa objekti ya faili, Python ingeifunga yenyewe baada ya kukosa mwenyewe. Lakini namba ni namba, hakuna anayejua kuwa nyuma yake kuna mlango wazi. Kama diski isingewahi kujaa, ningegonga kosa namba 24, faili nyingi mno zimefunguliwa, maana kikomo cha kawaida kwa programu moja mara nyingi ni 1024.

Mwenzangu akapendekeza mktemp kwa kuwa hurudisha jina pekee. Nikakataa. Hiyo imeachwa tangu Python 2.3, kwani kati ya kupewa jina na kuunda faili, mtu mwingine anaweza kukuwahi.

Nilianza kwa kuifunga faili (os.close) na kuifuta (os.remove) ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata kukitokea kosa; ikafanya kazi ila msimbo ukachafuka. Sasa kila ombi lina folda yake:

with tempfile.TemporaryDirectory(prefix="picha-") as folda:

Picha zote huingia humo, na kazi ikiisha, hata kwa kosa, folda hufutwa na vilivyomo. Ila nilijifunza kuhakikisha PDF imeshasomwa yote kabla ya kutoka kwenye with. Mara ya kwanza nilirudisha njia ya faili ambayo haipo tena.

Limebaki jambo la kill -9, amri inayoiua programu papo hapo. Programu ikiuawa hivyo haipati muda wa kufagia, kwa hiyo kila inapowaka hutafuta kwanza folda za picha- zilizopita siku moja na kuziondoa.