Jinsi tulivyokubaliana majina ya magari ya zimamoto

Usiku ghala lilipowaka, mimi ndiye niliyekuwa kwenye redio. Kamanda wa eneo la tukio akaomba: "Nitafutieni tenda mbili, haraka." Tenda kwetu ni jina la gari la zimamoto. Nikaomba kwa vikosi jirani, zikaja. Ya kikosi cha uwanja wa ndege ilikuwa gari kubwa la povu. Ya kikosi cha misitu ilikuwa boza la maji, pampu ndogo, watu wawili. Kamanda alitaka magari ya kushambulia moto, yenye pampu kubwa, mipira, ngazi na watu wa kutosha kuingia ndani. Kila kikosi kilileta kile kinachokiita tenda. Zilipita dakika 20 kabla ya gari sahihi kufika, na paa likawa limeshaanguka. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa chini yake.

Baada ya hapo nilipewa kazi ya kuandaa orodha moja ya majina kwa vikosi vinne. Nilianza vibaya. Nilipeleka kikaoni majina niliyokwisha kuyachagua, nikitaka yapigiwe kura. Siku nzima ikaishia kwenye neno moja. Afisa mmoja aliniambia, "Afande, vijana wangu wamejifunzia kazi kwenye tenda, leo uwaambie haipo?" Nilimwelewa. Jina la gari unalopanda kila zamu si neno tu.

Kikao cha pili nikakifanyia uwanjani, magari yamepangwa mstari. Tukafungua milango ya vifaa, tukaandika mambo manne tu: tangi lina lita ngapi, pampu inatoa lita ngapi kwa dakika na kwa shinikizo gani, mipira ina urefu na kipenyo gani, na gari linakuja na watu wangapi. Jina tukaliacha wazi kwenye kila karatasi.

Hapo ndipo yalipojitokeza mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Magari mawili yaliandikwa "galoni 500", lakini moja lilipimwa kwa galoni ya Uingereza na jingine kwa ya Marekani. La kwanza lina lita 2,273, la pili 1,893. Kwa mpira unaotoa lita 400 kwa dakika, tofauti hiyo ni karibu dakika nzima ya maji, na aliye ndani ya moshi anaihitaji dakika hiyo. Tukaamua kuandika lita peke yake.

Wazo la madaraja tulilichukua Marekani, ambako magari hupangwa kwa uwezo, na namba ndogo ndiyo yenye nguvu zaidi. Gari la daraja la 1 huko lazima lisukume angalau galoni 1,000 kwa dakika, ingawa tangi lake linaruhusiwa kuwa la galoni 300. La daraja la 3, la moto wa porini, lina tangi la angalau galoni 500 na pampu ya angalau galoni 150 kwa dakika. Ukiangalia tangi peke yake utaita gari lisilo sahihi.

Viungio vya mipira vilitutesa kuliko magari. Watunza bohari wawili walikuwa na "kiungio cha mbili na nusu", yaani inchi, na vilipogusanishwa havikushikana, kwa sababu nyuzi, ile mikato ya kuzungusha na kukaza, zilitofautiana. Kosa hili ni la zamani. Mwaka 1904 Baltimore ilipoungua, vikosi vilifika kutoka Washington na Philadelphia, na mipira mingi haikuingia kwenye mabomba ya mji. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Kwa hiyo orodha yetu inataja kipenyo, aina ya nyuzi, na kama kiungio ni dume au jike. Adapta, vipande vya kuunganisha viungio visivyolingana, tukazipaka rangi na kuziweka kwenye kila gari.

Mwisho yalibaki majina manne ya magari: gari la shambulio, boza, gari la povu na gari la ngazi, kila moja na daraja lake. Nyumbani kwako ita gari utakavyo. Kwenye redio ya pamoja, "tenda" haitamkwi. Jina na daraja vimeandikwa mlangoni na juu ya paa.

Miezi michache baadaye nikiwa zamu, sauti ikaita: "Naomba magari ya shambulio mawili, daraja la 1, na boza moja." Yule afisa wa tenda ndiye aliyekuwa anaomba. Sikuwa na swali la kumuuliza. Nikayatuma.