Mafuta ya taa ya Bibi

Harufu ndiyo iliyonipa habari kwanza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba ya Bibi, Januari 2023, saa moja na robo asubuhi, giza bado halijaondoka, nikanusa mafuta ya taa. Kwa kitambo kifupi nikawa Kahama, jikoni kwa mama, jiko la mchina limezimwa sasa hivi na tambi zake bado zinafuka moshi. Kisha mwanga wa tochi yangu ukaangukia kifuniko cha tangi kikiwa kwenye majani yenye sakitu, na pembeni yake kipande cha mpira kilichokatwa. Nikaelewa kwa nini ndani kulikuwa na baridi vile.

Nilikuwa na miezi minne tu Uingereza. Februari 2022 walikuwa wamefungua viza kwa watu wa kea, yaani wahudumu wa wazee na wagonjwa, nami nikaingia Septemba, nikapelekwa mkoa wa Shropshire, jirani na mpaka wa Wales, kwenye kijiji ambacho sitakitaja. Kina kanisa la mawe, baa moja, ukumbi wa mikutano, na watu kama mia tatu. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa wazee, nyumba hadi nyumba, na gari dogo la kampuni. Leseni ya Tanzania inakubalika huko kwa miezi 12, kwa hiyo niliendesha kwa hofu, lakini kihalali. Kila mlango ulikuwa na kisanduku cha chuma chenye namba za siri, ufunguo umo ndani. Namba za nyumba tisa nilikuwa nazo kichwani. Mgeni kabisa, nimekabidhiwa funguo za nusu ya wazee wa kijiji! Sikuwahi kulichukulia jambo hilo kirahisi, na mpaka leo silichukulii hivyo.

Bibi alikuwa na miaka 86. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake. Nikamwambia siwezi, mama yangu akisikia atanilaani, nikamweleza maana ya neno bibi kwetu. Akalirudia mara mbili tatu mpaka likamkaa mdomoni. Tangu hapo akawa Bibi.

Asubuhi ile nilimkuta kitandani amevaa koti la kutokea nje, kofia ya sufu kichwani, mikono ameificha kwapani. Pumzi yake ilionekana hewani. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 9. Kwenye mafunzo tulikaririshwa kwamba chumba cha mzee kisishuke chini ya 18. Vyuma vya kupashia joto vilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

“Boila imekufa usiku,” aliniambia. “Sikutaka kumsumbua mtu.”

Boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, haikuwa imekufa. Ilikuwa imekosa cha kuchoma. Vijiji vingi vya huko havina bomba la gesi, kwa hiyo watu hupasha nyumba kwa mafuta yanayokaa kwenye tangi kubwa la plastiki bustanini, na mafuta yenyewe ni haya haya ya taa tunayoyajua sisi, ya koroboi na ya jiko. Wauzaji wengi hawakuletei chini ya lita 500 kwa mpigo. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 bei iliruka, na watu wa mijini wenye gesi waliposikia serikali inaweka ukomo wa bei, wenye matangi hawakuwemo katika ukomo huo. Bibi alikuwa amedunduliza miezi mitatu. Gari la mafuta lilikuja wiki moja kabla ya Krismasi, na nilikuwepo alipomsainia dereva ile karatasi, akaikunja vizuri na kuiweka nyuma ya saa ya ukutani. Sasa mtu alikuwa ameingia kwa nyuma usiku, akachomeka mpira na pampu, akanyonya karibu yote.

Nilimfunika, nikachemsha maji, nikamjazia chupa mbili za mpira za kukumbatia, nikapiga simu ofisini kwamba nitachelewa kwa wengine. Kisha nikamwambia ukweli. Alinyamaza. Nilitegemea alie au akasirike, lakini alichosema ni hiki:

“Usiwapigie polisi. Wana kazi nyingi. Na hawatakuja.”

Nikamuuliza amejuaje. Akasema miaka miwili nyuma waliiba zana za marehemu mumewe kibandani, randa na patasi alizozitumia tangu kijana, naye hakumwambia mtu yeyote. Hata mtoto wake aliyeko Leeds hajui. “Ningeambiwa nihame,” alisema. “Ningeambiwa siwezi kuishi peke yangu.”

Maneno hayo yalinikaa vibaya kifuani. Nilikuwa nadhani wazee wanaficha wizi kwa kuona aibu. Kumbe alikuwa anailinda nyumba yake. Kila tukio linaloandikwa lingeweza kuwa hoja ya kumtoa pale.

Tulibishana kidogo, kwa adabu. Mwishoni alisema, “Piga wewe, useme wewe ndiye uliyeona.” Nikapiga 101, maana 999 ni ya hatari inayoendelea na mwizi alikuwa ameshaondoka. Nilisubiri muda mrefu, simu nimeibana begani, huku namlisha uji wa shayiri. Kiingereza changu cha darasani kilikuwa kinajikwaa. Nilisema “kerosini” mara tatu kabla dada wa upande wa pili hajanielewa. Alikuwa mpole. Mwisho akanipa namba ya tukio. Kwetu tungesema RB. Nikaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya Bibi, chini ya picha ya farasi.

Kabla ya saa tatu mkulima wa jirani alikuwa ameshafika. Aliona gari langu limekaa kuliko kawaida, akaja kuuliza. Aliondoka bila neno, akarudi na hita ya umeme na madumu mawili ya lita 20, mafuta aliyoyachota kwenye tangi lake mwenyewe. Akapiga magoti kwenye ile baridi na kutoa hewa kwenye bomba la boila, maana tangi likikauka boila haiwaki tena kwa kumimina tu. Ilipounguruma na kuwaka, Bibi alipiga makofi kitandani. Na pale mlangoni, akifuta mikono, yule mkulima akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pikipiki yake ya magurudumu manne, anayochungia kondoo, iliibwa Oktoba. Nikamuuliza polisi walisemaje. Akatazama viatu vyake.

Mkutano uliitishwa wiki iliyofuata ukumbini. Bibi alisema anakwenda, na hakuna aliyeweza kumzuia. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu njia nzima, blanketi magotini. Watu kama arobaini, chai kwenye birika kubwa, viti vya plastiki. Mwenyekiti wa baraza la kijiji alifungua kwa kusoma kwenye karatasi: kwa mujibu wa ramani ya polisi, mwaka mzima uliopita kijiji kilikuwa na matukio mawili. Alisoma kama mtu anayewapongeza.

Ramani hiyo ipo kweli. Tangu 2011 polisi wa Uingereza na Wales hutoa kila mwezi kwenye tovuti yao nukta za uhalifu, mtaa kwa mtaa, na mtu yeyote akiingiza namba ya posta ya kwake anaona. Ila inaonyesha kilichoripotiwa tu. Alikuwepo pia askari jamii, mmoja wa wale walioletwa na sheria ya 2002, wanaovaa sare lakini hawana nguvu zote za polisi kamili. Binti mdogo tu, anahudumia vijiji vingi peke yake. Alisimama, akauliza swali moja: ni nani humu ameibiwa kitu na hakuripoti?

Ukimya. Wazungu wa vijijini wana ukimya mzito. Kisha pembeni yangu mkono wa Bibi ukapanda, ndani ya glavu ya kijani.

“Zana za mume wangu,” alisema. “Randa na patasi.”

Mkulima akainua wake. Halafu mama mmoja aliyenyonywa dizeli kwenye gari. Halafu mzee aliyechukuliwa betri ya uzio wa umeme. Nikahesabu mikono tisa. Tisa, na karatasi inasema mawili! Nilimtazama mwenyekiti akiikunja ile karatasi polepole na kuitia mfukoni.

Ingekuwa heri tungeishia hapo, lakini mikono ilipokwisha kushuka, midomo ikafunguka. Mtu akasema tunawajua wanaofanya haya. Akawataja wale wanaoishi ndani ya magari ya nyumba, waliopiga kambi kando ya barabara kuu tangu Novemba. Mwingine akasema aliona gari jeupe. Sauti zikapanda, na mtu akasema twende tukawaangalie wenyewe usiku.

Hapo nikasimama. Sikuwa nimepanga. Magoti yalinitetemeka, na ninajua kulikuwa na watu mle ambao miezi michache kabla walikuwa wakivuta mapazia kunichungulia ninapopita na tochi.

Niliwaambia mimi natoka Kahama, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wetu wa Shinyanga na Tabora wezi wa ng'ombe walikuwa wamewachosha watu mpaka vijiji vikajiundia ulinzi vyenyewe. Sungusungu. Baba yangu alikuwemo. Ukisikia mwano, ukelele wa kuita watu, unapigwa, unatoka, hata kama umelala, hata kama ng'ombe si wako. Asiyetoka alitozwa faini. Na wizi ulipungua kweli, mpaka serikali ikautambua ulinzi ule. Mzee mmoja mbele akaitikia kwa kichwa, akasema kwa furaha kwamba na wao huku mpango wa majirani kulindana ulianzia kijijini, Mollington kule Cheshire, mwaka 1982. Niliipenda furaha yake. Lakini nilikuwa sijamaliza.

Niliwaambia na upande wa pili. Kulikuwa na mama mmoja kitongoji cha pili, mjane, macho yake mekundu kwa sababu ya miaka mingi ya kupikia mavi makavu ya ng'ombe. Sungusungu hawakuishia kwa wezi, walitafuta na wachawi. Macho mekundu yakawa ushahidi. Walimfukuza usiku, na baba yangu alikuwa miongoni mwa waliosimama mlangoni kwake. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hakika tu. Mpaka anakufa, hakupita njia ile tena. Alizunguka mbali kwenda sokoni.

“Hatuna tulichokiona,” nilisema. “Tuna mpira uliokatwa tu.”

Sikumbuki nilivyokaa. Nakumbuka mkono wa Bibi umenishika kiganja, baridi bado. Yule askari jamii akasema atakwenda kuongea na watu wa kambini mwenyewe, mchana, na kuwauliza kama na wao wameibiwa. Nasikia walikuwa wameibiwa jenereta. Sikulishuhudia hilo, alinisimulia mkulima.

Yaliyofuata yalikuwa mambo madogo madogo, na kwangu ndiyo yaliyokuwa na thamani. Kufuli za matangi zilinunuliwa kwa pamoja. Ikaandikwa orodha ya simu, na kila mzee anayeishi peke yake akapata jirani wa kupima tangi lake kila Jumapili, kwa kijiti, kama tunavyopima maji ya pipa. Wakaanza kuagiza mafuta kwa kikundi ili bei ishuke. Mtoto wa Bibi alikuja kutoka Leeds, akasikia yote kwa siku moja, akapandisha sauti, akalia, akafunga taa inayowaka mtu akipita. Hakumhamisha. Mwizi hakupatikana.

Aprili, maua ya manjano yamejaa kando ya barabara, Bibi aliniambia nimwonyeshe ile ramani. Nilifungua kwenye simu, naye akaleta kioo chake cha kukuzia. Januari kulikuwa na nukta moja. Februari zilikuwa tano, kwa sababu watu walikuwa wameanza kusema. Katika kijiji cha watu mia tatu, tukio moja peke yake ni zaidi ya 3 kwa kila watu 1,000, kwa hiyo mtu anayetafuta nyumba ya kununua akiiona Februari ile atadhani tumevamiwa. Ilinisumbua kwa ajili yao. Mwezi uliokuwa mkweli kuliko yote kwenye karatasi ulionekana mbaya kuliko yote.

“Hii ya Januari ndiyo mimi?” aliuliza.

Nikamwambia ndiyo. Nikamsomea aina yake: wizi mwingineo. Hiyo tu. Na nukta yenyewe ilikuwa imekaa karibu na kanisa, maana hawaweki mahali halisi. Huisogeza mpaka sehemu inayochanganya nyumba kadhaa, ili mtu asitambulike. Nilimweleza hivyo, kwamba ni kwa kumlinda yeye.

Alisogeza kioo chake juu ya simu kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole, taratibu, si kwenye nukta, bali kwenye kile kichochoro chenye nyumba nne, ya mwisho upande wa kushoto.

“Niko hapa,” alisema.

Skrini ikazimika chini ya kidole chake. Akaniomba niiwashe tena.