Kishikwambi ndani ya ndege ya mwaka 1946

Ndege ninayorusha ni Piper J-3 Cub ya mwaka 1946, na haina umeme. Hakuna starta wala pa kuchomeka chaja. Injini yake ya nguvu za farasi 65 huwashwa kwa mtu kusimama mbele na kuzungusha propela kwa mkono. Geji ya mafuta ni waya uliosimama juu ya kizibo kinachoelea ndani ya tangi, nao hutokeza nje mbele ya kioo. Waya ukishuka, na wewe tafuta pa kushuka. Ndani ya kitu kama hicho ndimo nilimoamua kuingiza kishikwambi.

Kosa la kwanza nililifanya dukani. Kwa kubana matumizi nilichukua iPad ya Wi-Fi pekee, bila kujua kwamba kipokezi cha GPS kimo kwenye zile zinazotumia laini ya simu tu. Nyumbani hapa Lancaster, Pennsylvania, kidoti cha bluu kilikaa sawasawa juu ya paa langu. Kumbe kilikuwa kinakisia kwa mitambo ya Wi-Fi ya mtaani. Hewani hakikusogea hata kidogo. Nikaenda kubadilisha na kuongeza hela, roho ikiuma.

Kilichofuata ni mahali pa kukiweka, na hapo ndipo nilipohangaika kuliko kote. Fimbo ya usukani iko katikati ya magoti. Nilikifunga pajani kwa mkanda, kama wafanyavyo wenzangu wa ndege kubwa kidogo. Wakati wa kutua nikaivuta fimbo, ikagota kwenye ukingo wa kishikwambi. Tulidunda mara tatu kwenye nyasi. Mwalimu wangu hakusema neno, alikinyooshea kidole tu. Siku hizi nimekibana kwenye bomba la fremu upande wa kushoto, chini ya dirisha, na kina kamba, kwa sababu mlango wa kulia tunaruka nao wazi. Kabla ya kuwasha injini naizungusha fimbo kila pembe. Ramani nazipakua usiku uliotangulia, nikiwa na intaneti.

Sasa faida yake. Mimi ramani wala si kitu, mito na reli naziona. Kinachonifaa ni tarakimu moja: mwendo wa ndege juu ya ardhi. Juni iliyopita tulikuwa tunapanda na mto Susquehanna kwenda Lock Haven, mji ilikotengenezwa Cub yenyewe, mpwa wangu akiwa kiti cha mbele. Geji ya mwendo wa hewani ilisoma maili 70 kwa saa. Kishikwambi kilisoma 48, upepo ulikuwa usoni, na malori ya barabara ya kando ya mto yalikuwa yanatupita. Tangi ni galoni 12, na injini inakunywa zaidi ya nne kwa saa. Nilipiga hesabu mara mbili, zote hazikunipendeza. Tukatua Selinsgrove kujaza.

Tulipokuwa tunajaza nilikisahau kishikwambi pale pale juani, chini ya paa lile la plastiki angavu. Chenyewe kimeundwa kuhimili nyuzijoto 35. Dakika chache baada ya kuruka kikaandika kwamba lazima kipoe kwanza, kikazima. Mbele yetu, Sunbury, mto ukagawanyika.

Mpwa wangu akageuka, akapiga kelele kuushinda mlio wa injini: "Mjomba, tunafuata upi?"

"Wa kushoto! Shika ramani ya karatasi, iko chini ya kiti chako!"

Alivyoikunjua, nusu yake ikatoka nje ya mlango na kupigapiga kama kanga kwenye kamba. Aliirudisha ndani kwa magoti. Kutoka hapo akawa ananitajia miji kwa zamu, Lewisburg, Milton, Williamsport, mpaka matairi yakagusa nyasi za Lock Haven. Nilipokiwasha kishikwambi kivulini chini ya bawa, kwa sekunde kadhaa kilisisitiza kwamba bado tuko Selinsgrove.