Nilivyotibu taa za tela zilizokuwa zikivurugana

Ukipima taa moja moja, tela langu halikuwa na tatizo lolote. Breki zinawaka, indiketa zinapepesa, hazadi zipo. Tatizo lilikuja ukiziwasha kwa pamoja: nakanyaga breki huku indiketa ya kulia inafanya kazi, na taa ya breki nayo inaanza kupepesa, halafu zile ndogo za nyuma zinafifia. Tarehe ya ukaguzi ilikuwa karibu, lakini hata bila ukaguzi nisingelitoa. Aliye nyuma ya tela haoni uso wako wala mkono wako. Ana zile taa tu.

Nilikuwa nafuata Kanuni Na. 48 ya Umoja wa Mataifa, ile ya ufungaji wa taa za magari, inayotumika katika nchi nyingi. Taa za breki ziwe nyekundu. Indiketa zipepese mara 90 kwa dakika, na inakubalika kupungua au kuzidi kwa 30. Hazadi zipepeshe indiketa zote kwa mpigo mmoja, hata swichi ya injini ikiwa imezimwa. Pia taa ya breki lazima iizidi kabisa ile ndogo: kwa taa ya kawaida, mwanga wa breki unaanzia kandela 60 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga), wakati taa ndogo ya nyuma inaanzia kandela 4. Kwa hiyo breki iliyofifia ni hatari hata kama "inawaka", maana usiku dereva wa nyuma ataidhania taa ndogo.

Balbu sikuzigusa, nilianza na ethi, yaani njia inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Kwenye plagi ya pini 7 ya lori la volti 24, pini namba 1, ile ya waya mweupe, ndiyo njia ya kurudi ya taa zote za tela. Balbu moja ya wati 21 inavuta chini ya ampea 1, na njia mbovu inaihimili. Washa taa ndogo, za ubavuni, breki na hazadi kwa pamoja, unavuka ampea 5. Kutu ambayo taa moja haiisikii inakula volti kadhaa hapo hapo, na umeme uliokosa njia unarudi kupitia balbu za jirani. Ndiyo maana breki ilikuwa inapepesa.

Nikamwomba utingo akae ndani akanyage breki, hazadi zikiwaka. Mimi nikaweka waya mmoja wa mita ya kupimia volti kwenye ethi ya taa ya nyuma, mwingine kwenye hasi ya betri. Panapotakiwa kusoma karibu na sifuri, mita ilikuwa inapanda na kushuka ikifuata mpigo wa hazadi. Hapo sikuwa na shaka tena. Nilipofungua plagi, pini namba 1 ilikuwa na ukungu wa kijani, na waya wake umebaki nyuzi chache. Kumbe ethi ilikuwa inapita kwenye kingpini, ile pini nene ya tela, na sahani ya lori inayoishika, na pale pamejaa grisi. Ndiyo sababu kwenye kona taa zilikuwa zinapona zenyewe kisha zinaugua tena.

Nikakata waya hadi kwenye shaba safi, nikafunga pini mpya, nikakwangua rangi kwenye chesisi pale ethi ya tela inapofungwa, nikaweka boliti mpya na kupaka grisi ya umeme juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Mita ikatulia.

Flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa, nayo niliisoma. Ilikuwa imeandikwa 2+1(6)x21W: balbu mbili za kichwa cha lori na moja ya tela kwa upande mmoja, sita kwa hazadi. Anayebadilisha balbu kuwa LED aangalie hapo, kwa sababu flasha inayopima mzigo itadhani balbu imeungua na kupepesa haraka kupita 120 kwa dakika.

Kwenye ukaguzi niliomba ziwashwe zote kwa wakati mmoja, taa ndogo, breki na hazadi, kisha indiketa za kila upande. Mkaguzi akazunguka tela, akapitisha.